Picha moja kwa siku: Kamera ya mbao, filamu ya eksrei na wazee wa River Road

SIMU iliyo mfukoni mwako inaweza kupiga picha 200 kabla matatu ya kutoka Umoja haijafika tao. Kamera ninayotaka kukuelezea hapa inapiga moja. Moja tu, halafu unakunja vitu, unabeba, unarudi nyumbani kungoja giza ndipo ujue kama uliipata au ilikupita.

Wenyewe huiita kamera ya fomati kubwa. Badala ya rolo, unatumia shiti moja moja ya filamu. Saizi inayopatikana kwa wingi ni inchi 4 kwa 5, na kuna ya inchi 8 kwa 10 kwa wenye mgongo wa punda. Ukilinganisha na ile filamu ya milimita 35 iliyotumika kwenye harusi ya wazazi wako, shiti ya 4 kwa 5 ina eneo kubwa karibu mara 15. Ndiyo maana ukitazama picha iliyotoka humo unaona hadi uzi uliochomoka kwenye kola.

Mashine yenyewe haina maajabu. Mbele kuna ubao wenye lenzi, nyuma kuna kioo chenye ukungu, na katikati kuna ngozi au kitambaa kilichokunjwakunjwa kama kodiani ili mwanga usipenye. Unajifunika shuka nyeusi kichwani, unatazama kile kioo, na dunia iko pale kichwa chini miguu juu. Unasogeza ubao mbele na nyuma mpaka macho ya mtu yaonekane makali. Kisha unafunga lenzi, unachomeka holda yenye filamu, unavuta kifuniko chake, unapiga, unarudisha kifuniko. Hakuna betri, hakuna chaji.

Wengi wanaoniandikia inboksi wakiulizia mambo haya huwa wametazama video ya jamaa fulani Marekani. Jamaa ana ndevu, ana gari, yuko mlimani na kamera mpya ya mbao ambayo bei yake inakaribia ya boda mpya. Wanafunga video wakijua hiyo si yao. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, kwa hivyo hesabu ya boda mpya naielewa sana. Lakini njia ya huku kwetu haianzii dukani, inaanzia kwa watu. Na watu hao, niseme bila kuzunguka, umri umewaendea.

Mfikirie Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Hakusomea picha chuoni. Kazi aliyofunzwa nyumbani ilikuwa useremala. Kamera yake ya kwanza, Kodak ndogo, aliletewa na mzee wa familia yao kutoka Senegal mwaka wa 1935. Kazi ya chumba cha giza alifunzwa na Mountaga Dembélé, mwalimu wa shule aliyekuwa pia mpiga picha mjini humo. Mwaka wa 1948 Keïta akafungua studio nyumbani kwao, akawa anapiga uani kwa mwanga wa jua, shuka ya kitanda ikiwa ndiyo pazia la nyuma, kwa kamera ya sentimita 13 kwa 18. Mara nyingi mteja alipigwa picha moja tu kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Leo picha hizo zimetundikwa kwenye makumbusho makubwa duniani. Sasa muondoe Dembélé kwenye hiyo hadithi uone kitakachobaki.

Kwetu pia kazi hii ni ya kitambo. Reli ilipokuwa inajengwa kutoka Mombasa hadi ikafika Nairobi mwaka wa 1899, waliopiga picha walibeba kamera za aina hii na bamba za kioo. Studio za mijini zikaja baadaye na kamera zao za mbao, na watoto wa watu wakaajiriwa humo kuosha trei. Hao watoto ndio wazee ninaowazungumzia.

Wangu nilimpata nilipokwenda kupiga picha ya pasipoti. Yuko ghorofa ya pili katika jengo moja kuukuu karibu na River Road, katikati ya fundi wa simu na dada anayeuza wigi. Siku hizi naye hutumia kamera ya kidijitali na printa. Lakini chini ya meza kulikuwa na sanduku la mbao lenye kona za shaba, na juu ya sanduku palikuwa na thamosi ya chai. Nikamuuliza mzee hiki ni nini. Akanijibu, "Hiyo ndiyo imesomesha watoto wangu, kijana."

Ilikuwa kamera ya hafu-pleti, saizi ya kizamani ya kina Mwingereza, inchi 4¾ kwa 6½. Mzee aliingia kazini mwaka wa 1968 akiwa kijana wa kuosha trei kwa Mhindi mwenye studio, na mwaka mzima hakuruhusiwa kugusa lenzi. Mimi alinihurumia, akaniweka wiki tatu.

Wiki hizo tatu hatukupiga picha hata moja. Alinipa shiti moja ya filamu iliyoharibika na holda, akasema nijifunze kuitia na kuitoa. Kwanza mchana nikiona, halafu macho yamefungwa, halafu mikono ikiwa ndani ya blanketi. Filamu ya kawaida ina vijikato pembeni: ukiishika wima na vijikato viwe juu upande wa mkono wa kulia, upande wenye dawa unakutazama. Gizani vidole ndivyo macho. Kufikia wiki ya tatu ningeweza kujaza holda huku tukibishana kuhusu Gor na Ingwe.

Watu huniuliza, basi mzee kama huyo unampataje? Tembea. Tafuta studio ambazo bango lake lilichorwa kwa mkono, zenye picha ukutani ambazo rangi yake imeanza kugeuka. Zipo Nairobi, zipo Nakuru, Thika, Kisumu, Mombasa. Ingia kama mteja, lipa, kisha uliza kuhusu picha ya zamani zaidi ukutani. Usitoe simu kumrekodi siku ya kwanza, utamfunga mdomo. Siku ya pili enda na mandazi. Siku ya tatu kuna kitu kizito kitahitaji kushushwa ngazi, nawe utakuwepo. Na wazee hawa wanajuana wote. Wangu alinipeleka kwa mwenzake Majengo, ambaye hakupiga picha katu. Yeye alikuwa akichora yale mapazia ya nyuma yenye ndege na maporomoko ya maji.

Mzee alikuwa na kamera, lenzi na holda sita. Filamu hakuwa nayo tangu zamani. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu filamu ya shiti inatoka ng'ambo. Ilford ya Uingereza huuza HP5 kwa boksi la shiti 25, na Foma ya Czech ina boksi la 50 lenye bei nafuu kidogo. Ongeza nauli ya ndege na ushuru, kila ukibofya umekula chakula chako cha mchana.

Mwalimu wangu wa pili ndiye aliyetatua hilo, na wala si mpiga picha. Ni dada anayepiga eksrei katika kliniki moja Eastlands. Kliniki nyingi zimehamia kwa mashine za kidijitali, lakini filamu ya eksrei bado inauzwa kwa wauzaji wa vifaa vya hospitali, na shiti moja ni rahisi mno kuliko ya Ilford. Inakuja kwa saizi ya sentimita 18 kwa 24. Ikate katikati upate 12 kwa 18, punguza sentimita moja na nusu, na inaingia kwenye holda ya hafu-pleti kana kwamba iliundiwa hiyo.

Uzuri wake mwingine ni kwamba filamu hii haioni rangi nyekundu. Unaweza kuikata na kuisafisha chini ya taa nyekundu, ukiona unachofanya. Ubaya wake ni kwamba ina dawa pande zote mbili na inachubuka ukiitazama vibaya. Dada alinifunza kuweka kioo bapa chini ya trei, kukata kucha, na kusafisha shiti moja kwa wakati. Mwangaza wake tunaupima kama filamu ya ISO 80 au 100, kisha tunarekebisha kulingana na boksi.

Lakini ngoja, kuna jambo hapa ambalo video za ng'ambo hazitakuambia. Filamu isiyoona nyekundu haitutendei haki. Ngozi yetu ya kahawia hurudisha mwanga mwekundu kwa wingi na wa buluu kwa uchache, kwa hivyo filamu inaona nusu ya habari. Mtu wa maji ya kunde anatoka mweusi tititi, na midomo inakuwa kama imepakwa wino. Ukizitazama picha nyingi za Waafrika zilizopigwa kwa bamba za zamani, ule weusi usio na sura ndani yake, si kwamba watu walikuwa hivyo. Bamba lilikuwa kipofu, na mara nyingi aliyelishika hakujali.

Mzee anajua dawa yake, na sikuipata katika kitabu chochote. Mtoe mtu juani, muweke kivulini mahali anga wazi inamtazama, kama mlangoni au chini ya ukuta mrefu. Pima mwanga usoni, usipime shati. Ongeza mwangaza mara mbili au hata karibu mara tatu ya kipimo, kisha punguza muda wa kusafisha ili shati jeupe lisilipuke. Na mteja akija na shati jeupe pe, mzee alikuwa na koti la kijivu msumarini, la kuazima. Nilipomuuliza nani alimfunza hayo, alisema ni kina mama wa Pumwani waliokuwa wakimrudishia picha na kumwambia, huyu si mimi, piga tena.

Ukitaka ngozi itoke sawasawa bila mbinu hizo, hifadhi hela ununue HP5, inayoona rangi zote. Mimi hutumia eksrei kujifunza na kupiga majengo. Ya Ilford naiweka kwa ajili ya watu, hasa wale wazee ambao huenda tusiwapige mara ya pili.

Kuhusu dawa za kusafishia, usiogope. Kuna mapishi yanayojulikana duniani kwa jina la caffenol: lita moja ya maji, gramu 54 za magadi ya kufulia yaliyo makavu, gramu 16 za vitamini C ya unga, gramu 40 za kahawa ya unga ya kukoroga. Kahawa ya bei ya chini ndiyo bora, kahawa yetu nzuri ya Nyeri kunywa mwenyewe. Magadi hayo ndiyo yale yanayochimbwa Ziwa Magadi na kuchomwa viwandani. Yanauzwa kwa wenye maduka ya kemikali za kutengeneza sabuni. Usichukue yale mawe ya magadi ya kupikia githeri, nguvu yake ni ndogo. Filamu ya kawaida hukaa humo dakika 15 maji yakiwa nyuzi 20, na maji ya mfereji ya Nairobi mwezi wa Julai hayako mbali na hapo. Mombasa itabidi utafute barafu. Ya eksrei tunaitazama tu chini ya taa nyekundu mpaka mzee aseme, "Toa." Harufu yake, acha tu. Majirani zangu wanadhani napika changaa.

Kahawa hutoa picha lakini haiigandishi. Kwa hilo lazima upate haipo. Ndiyo, haipo. Ni hypo ya Kiingereza, lakini wazee wa studio huitamka hivyo, na siku ya kwanza tulizunguka dakika tano mimi nikiuliza dawa iko wapi na mzee akinionyesha chupa akisema haipo hii hapa. Wanaofanya kazi ya eksrei wanayo kwa galoni. Ikishatumika usiimwage mferejini, maana inabeba fedha iliyotoka kwenye filamu, fedha yenyewe ile ya vito. Wapo wanaoinunua ili waikamue.

Kama hujampata mzee mwenye kamera, bado unaweza kuanza wiki hii. Enda Kamukunji kwa mafundi wa mabati wanaotengeneza masanduku ya shule, uundiwe dogo lenye kina cha sentimita 10. Lipake rangi nyeusi ndani. Toboa upande mmoja, bandika kipande cha mkebe wa soda chenye tundu la sindano, chini kidogo ya nusu milimita. Ndani yake weka karatasi ya picha badala ya filamu. Juani saa sita mchana, karibu nusu dakika inatosha. Ukitaka ya heshima zaidi, maseremala wa Gikomba watakuchongea kamera ya mbao ukiwapelekea mfano wa kutazama. Wangu alipoona mchoro alicheka, akasema ni droo tu isiyokuwa na bahati. Sasa holda zake hazivuji kuliko zile za mzee.

Na hauhitaji mashine ya kukuza picha. Negativu ni kubwa tayari: ilaze juu ya karatasi ya picha, weka kioo juu, washa taa sekunde chache. Au iweke juu ya skrini nyeupe ya laptopu, ipige kwa simu, geuza rangi.

Mahali pa kupigia tumejifunza kwa miguu. Anza juu ya paa la ploti yenu, kwenye kamba za nguo. Pana mwanga, hakuna askari, na kila anayeanua nguo ni mtu wa kupigwa picha. Makumbusho ya Reli pale nyuma ya stesheni ni shule nzuri kwa sababu garimoshi zile hazisogei. Ukitaka kuacha lenzi wazi sekunde 10 hazitakulalamikia. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka wa 1931, ina nguzo na wale simba wawili, na asubuhi mwanga unapanda ngazi polepole. Karura ni giza kuliko unavyodhani. Ngong Hills upepo utaifanya kamera tanga la mashua, beba mawe ya kuning'iniza kwenye stendi.

Halafu kuna KICC. Ukiipiga kwa simu kutoka City Hall Way lazima uinue simu, na mnara unaanza kulala chali kama mlevi. Kwenye kamera hii unaiacha ikiwa imesimama wima, unapandisha ubao wa lenzi peke yake, na zile mita 105 zinaingia zikiwa zimenyooka. Mara ya kwanza kuona hivyo chini ya shuka nilimwita mpita njia aje aone. Akaona, akauliza kwa nini iko juu chini, akaenda zake.

Askari watakuja. Stendi ya miguu mitatu na mtu aliyejifunika shuka ni kitu cha kuitiwa redio. Omba ruhusa mapema, ondoka na lenzi yako karibu na Ikulu, kambi na vituo vya polisi, na ukiulizwa, mkaribishe askari achungulie chini ya shuka. Wawili tumewapiga picha wenyewe.

Sasa sababu iliyonifanya niandike hii wiki hii na si mwezi ujao. Jengo la mzee linageuzwa kuwa vibanda vya nguo na simu, na wapangaji wa zamani wamepewa notisi. Nyuma ya studio kuna masanduku 41 ya negativu yaliyoandikwa miaka kwa chokaa, la kwanza 1971. Shiti za hafu-pleti kwanza, kisha rolo. Harusi, vipande, watoto waliobatizwa, wanajeshi wa likizo, wasichana wawili waliovaa suruali za miguu mipana wakicheka mpaka picha ikatikisika. Jamaa anayenunua filamu kuukuu kwa kilo ili atoe fedha ameshakuja na mizani yake. Mzee hajamkatalia. Ana kodi ya miezi anayodaiwa, na ananiambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hao waliomo kwenye masanduku walishalipia picha zao na kuzichukua.

Sikuwa na la kumjibu siku hiyo. Lakini tuko wanne: mimi, dada wa eksrei, seremala wa Gikomba, na kijana mmoja wa Kariobangi anayejua kompyuta. Tulikubaliana na mzee, kwa maandishi, kwamba negativu ni zake, sisi tunazitunza na kuzipiga nakala, na hakuna sura ya mtu itakayowekwa mtandaoni kabla ya familia kupatikana na kukubali. Kila Jumapili tunapiga picha za watu kwa kamera yake, shiti moja kwa mtu mmoja, na hela inakwenda kwenye deni. Mzee huketi pembeni na kusema maneno mawili: "Bado," na, "Sasa." Mwezi uliopita mama mmoja aliyekuja kupigwa picha aliulizwa alizaliwa wapi, tukafungua sanduku la 1974, na baada ya saa nzima akamshika dada yake mkubwa mkononi, wa saizi ya hafu-pleti, kwenye gauni alilolikumbuka.

Masanduku 23 yameshahamia kwenye stoo ya seremala. Yaliyobaki ni 18, na mwenye mkokoteni anakubali safari za jioni tu, baada ya kanjo kwenda nyumbani. Jumapili tuko Makumbusho ya Reli kuanzia saa mbili asubuhi. Ukija, usivae shati jeupe.